Taji la manyoya la Waamis: huvaliwa na nani, na linasema nini?

Swali la msomaji, mwalimu wa shule ya msingi jijini Tanga: Shuleni kwetu tunaandaa maonyesho ya mavazi ya watu wa dunia, na darasa langu limepewa Waamis wa Taiwan. Katika picha naona wanaume na wanawake wamevaa mataji mekundu yenye shanga na manyoya meupe marefu. Je, hayo ni mataji ya machifu? Kama ndivyo, mbona hata wasichana wanayavaa? Je, ni sawa watoto wetu wakitengeneza ya kwao kwa karatasi na manyoya ya kuku? Nimesikia pia kwamba Waamis si jina lao halisi. Niandike lipi kwenye bango?

Jibu: Mwalimu, nianze na lile ambalo watoto watakuuliza kwanza. Hayo si mataji ya kifalme, kwa sababu Waamis hawakuwa na mfalme wala dola moja iliyowaunganisha wote. Kila kijiji kilijitawala kupitia wazee wake na marika ya wanaume wake, na heshima ya mtu ilipimwa kwa ngazi aliyokwisha kuifikia mbele ya watu waliomjua tangu utotoni. Kwa hiyo anachovaa Mwamis kichwani siku ya sherehe hujibu maswali mawili ambayo hata mgeni anayepita njia angeyauliza: huyu ni wa kijiji gani, na huko kijijini amefika wapi? Ukilishika hilo, mengine yote uliyoyauliza yatafunguka yenyewe, na utaona pia kwa nini haliwezi kuwapo taji moja la kuitwa taji la Waamis.

Waamis ndio wengi zaidi kati ya makundi 16 ya wenyeji wa asili yanayotambuliwa rasmi na serikali ya Taiwan. Idadi yao inazidi watu 200,000. Nchi yao ya jadi ni ukanda mwembamba wa mashariki ya kisiwa, uliobanwa kati ya milima na Bahari ya Pasifiki, katika wilaya za Hualien na Taitung, ingawa wengi wao siku hizi wanaishi na kufanya kazi katika miji mikubwa ya kaskazini na magharibi, na hurudi nyumbani majira ya joto. Lugha yao haina undugu na Kichina. Ni ya ukoo wa lugha za Kiaustronesia, ukoo uleule wa Kimalagasi, na jambo hili unaweza kuwaonyesha watoto ubaoni kwa dakika mbili: tatu kwa Kiamis ni tolo na kwa Kimalagasi ni telo, sita ni enem na enina, saba ni pito na fito, nane ni falo na valo. Watu wa kisiwa hicho cha mbali ni ndugu wa lugha wa majirani zetu wa Bukini, yaani Madagaska. Ninalisisitiza hili mapema kwa sababu watazamaji wengi huwachukulia Waamis kuwa ni Wachina waliovaa mavazi ya kuchezea ngoma, na mtu akianza na dhana hiyo hataona kitu katika mavazi yao isipokuwa rangi.

Sasa tuje kwenye rika, kwani ndilo neno lenye ufunguo wa kofia ya mwanamume. Vijana wa kiume wa kijiji kimoja, wanapokaribia umri wa miaka 13 hadi 15, huingizwa pamoja katika daraja la chini kabisa, ambalo katika vijiji vingi huitwa pakarongay. Hao ndio wanaotumwa kwa ndimi na miguu: hupeleka habari nyumba kwa nyumba, huteka maji, huchanja kuni, huwahudumia wazee, na hujifunza nyimbo kwa kuzisikiliza kabla hawajaruhusiwa kuziongoza. Zamani walilala katika nyumba ya wanaume, mbali na mama zao, mpaka watakapooa. Baada ya kila kipindi cha miaka michache, ambacho hutofautiana kijiji kwa kijiji, rika jipya huingia na marika yote yaliyo juu yake hupanda ngazi moja kwa pamoja, kila moja likikabidhiwa kazi mpya. Mtu hawezi kuruka ngazi kwa mali wala kwa elimu. Hupanda na wenzake au hapandi.

Majina ya marika nayo yanafaa kutajwa. Katika vijiji vya Hualien kaskazini majina ni yale yale yanayozunguka, hivi kwamba rika la mjukuu linaweza kubeba jina lililowahi kubebwa na rika la babu wa babu yake. Kusini, upande wa Taitung, kila rika hupewa jina jipya lenye kukumbusha tukio la wakati wake, na jina hilo huanza na La. Katika kijiji cha 'Atolan, kwa mfano, lipo rika linaloitwa kwa jina la kuingia milenia mpya. Msomaji wa Kenya atakumbuka mara moja jinsi Wakikuyu walivyoyaita marika yao kwa matukio ya mwaka wa tohara. Fikra ni moja, ingawa watu hawa hawakuwahi kukutana.

Sherehe ambamo haya yote huonekana kwa macho ni ile inayoitwa ilisin katika vijiji vingi, malikoda au kiloma'an katika vingine. Serikali na wenye hoteli huitangaza kwa jina la Sikukuu ya Mavuno, na ni kweli kwamba hufanyika baada ya mavuno, kuanzia Julai kwa vijiji vya kusini na kupanda polepole hadi Hualien mwishoni mwa Agosti. Jina hilo lakini linaficha kiini chake, ambacho ni kuwapokea wahenga, kucheza nao na kuwasindikiza. Katika vijiji kadhaa, usiku wa kwanza wa kuwapokea ni wa wanaume peke yao. Hushikana mikono na kufanya duara, na duara hilo hupangwa kwa rika, kutoka wakubwa mpaka wadogo walio mkiani, ambao hukimbia zaidi kuliko wote kwa sababu mkia wa duara ndio unaozunguka njia ndefu. Mmoja hutoa wimbo na wote humwitikia. Hakuna anayeruhusiwa kuachia mkono kwa kuchoka tu.

Hapo ndipo taji linapofanya kazi yake. Mtazamaji aliyesimama pembeni, hata kama hasikii neno la Kiamis, anaweza kuliona duara zima kama mtu anayesoma mstari: pakarongay wamevaa mavazi mepesi yasiyo na mapambo mengi, mbele yao vijana waliokwisha kupanda, na juu ya vichwa vyao manyoya, halafu wazee, ambao katika vijiji vingine hurudi kwenye mavazi ya utulivu kwa sababu hawana tena haja ya kujionyesha. Yapo maeneo ambako taji refu kuliko yote huvaliwa na kiongozi wa kijiji, na kwa maana hiyo swali lako kuhusu machifu halikuwa mbali na ukweli. Yapo mengine ambako manyoya marefu ni haki ya marika fulani ya vijana, wale wenye nguvu na wanaobeba mzigo wa kuiendesha sherehe, na mzee kuyavaa kungeonekana kama mtu mzima kujirudisha ujana. Kwenye ngazi ya juu ya vijana hao hukutwa wale wanaoitwa mama no kapah. Usishangae: kwa Kiamis mama maana yake ni baba, na mama mzazi huitwa ina, jina hilo basi ni «baba wa vijana», yaani wale wanaowasimamia na kuwaonya wadogo wao.

Manyoya yenyewe yanatembea. Jambo hili picha haiwezi kulionyesha, nami naona ndilo zuri kuliko yote. Ngoma ya Waamis ni ya miguu na magoti zaidi kuliko mabega, mtu huinama, hukanyaga, huinuka. Kila anapoinuka manyoya hutikisika nusu hatua nyuma yake, na rika zima linapoinuka pamoja huwa kama shamba la mpunga lililopitiwa na upepo. Kijana aliyekosea hatua huonekana kutoka mbali, kwa sababu manyoya yake yamekwenda upande wakati ya wenzake yamekwenda mwingine. Taji linampa heshima na wakati huohuo linamweka hadharani.

Kwetu kichwa kubeba daraja la mtu si jambo geni. Moran wa Kimasai hufuga nywele ndefu na kuzipaka udongo mwekundu, kisha katika sherehe ya eunoto mama yake humnyoa, na kwa wembe huo mmoja ujana wa vita humalizika mbele ya watu wote. Mfano ulio karibu zaidi na Waamis, kwa maoni yangu, uko Ngazidja, yaani Komoro Kuu. Huko nako kuna marika, au hirimu. Huko nako nyumba na ardhi ya ukoo, manyahuli, hupita kwa wanawake, na mume huhamia kwa mkewe. Na mwanamume aliyekwisha kufanya ndoa kuu hupata haki ya kuvaa joho na mharuma (shali ya heshima) ambavyo mwenzake asiyeifanya hathubutu kuvivaa msikitini siku ya Ijumaa, hata awe tajiri kiasi gani. Mngazidja akipelekwa ilisin angehitaji maelezo machache sana.

Nimetaja nyumba ya mwanamke, na hilo linanileta kwenye swali lako la pili. Kwa jadi Waamis hufuata ukoo wa mama, kama Waluguru na Wamakonde. Nyumba ilikuwa ya mama na mabinti zake, mtoto alihesabiwa upande wa mama, na kijana aliyeoa alibeba vitu vyake akahamia kwa wakwe. Wanaume walikuwa na marika na mambo ya kijiji. Wanawake walikuwa na nyumba, ghala na ukoo. Ndiyo maana hukuti marika ya wanawake yenye ngazi kama ya wanaume, na ndiyo maana pia vazi la kichwani la mwanamke halisomwi kama la mwanamume. La mwanamume linasema amepanda hadi wapi. La mwanamke linasema zaidi ametoka kijiji gani, na mara nyingi linaonyesha mikono ya nyumba yake, yaani mama na ndugu zake wa kike waliolishona.

Hata hivyo, lile taji jekundu la wasichana uliloliona pichani si la kale kama linavyodhaniwa. Picha za zamani za Waamis, kuanzia zile zilizopigwa na mwanaanthropolojia Mjapani Torii Ryuzo aliyefanya utafiti kisiwani kati ya 1896 na 1900, hazina rangi, lakini simulizi za wazee wa Hualien zinakubaliana kwamba nyeusi ndiyo iliyotawala, na kwamba wanawake walijifunga vitambaa vya kichwani ambavyo sisi tungeviita vilemba. Nyekundu ilishika kasi baada ya utawala wa Japani kumalizika mwaka 1945, watalii walipoanza kumiminika Hualien na ngoma za Waamis zikawa zinachezwa jukwaani chini ya taa. Nyeusi ilipotea gizani, nyekundu iliwaka. Shanga nyeupe zinazoning'inia mbele ya paji la uso, matamvua ya pembeni, vifundo vya nyuzi za sufu na manyoya meupe vilizidi kuongezwa, mpaka vazi hilo likawa ndilo sura ya Waamis katika mabango na kadi za posta. Ukisogea kusini, kuelekea Malan na vijiji vya Taitung, utaona nyeusi na buluu zikipewa nafasi kubwa zaidi, na wenyeji wa huko hukerwa, nadhani kwa haki, wanapoambiwa wavae nyekundu ili wafanane na Waamis.

Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa jekundu hilo limetokana na utalii basi ni la uongo. Sikubaliani nao. Msichana aliyelivaa kwa bibi yake, bibi ambaye naye alilivaa akiwa msichana, hachezi mchezo wa kuigiza; na kanga zetu zenyewe, ambazo leo hakuna harusi wala msiba usiozitumia, zilianza kuenea pwani katika karne ya 19 kwa vitambaa vilivyotoka ng'ambo. Kosa halipo katika kubadilika. Kosa lipo pale ambapo mabadiliko ya sehemu moja, tena yaliyopangwa kwa macho ya wageni, yanatumika kufuta desturi za vijiji vingine.

Kuhusu utengenezaji, umbo la ndani la taji lilikuwa la henzerani, mmea unaoota kwa wingi katika misitu ya milima ile. Kusuka henzerani na mianzi ilikuwa kazi ya wanaume, ilhali kufuma na kushona ilikuwa ya wanawake, hivyo taji moja lilipita mikono ya pande zote mbili. Juu ya umbo hilo huzungushwa kitambaa, halafu hushonewa shanga, vipande vya kombe au vifungo, na nyuzi za rangi. Manyoya ya zamani yalitoka kwa ndege wa mwituni, wakiwamo tai. Taiwan ilipitisha sheria ya kuhifadhi wanyamapori mwaka 1989, na leo manyoya unayoyaona kwa kawaida ni ya ndege wafugwao, jogoo, bata mzinga au bata bukini. Umbo la henzerani nalo mara nyingi limebadilishwa na waya au kadibodi, na kombe zimepisha plastiki. Yapo maduka yanayouza mataji yaliyokamilika, ila familia nyingi bado hushona yao kwa mikono wiki chache kabla ya sherehe.

Nikuonye jambo moja ambalo vitabu vya watalii hulipenda mno, yaani orodha ya maana za rangi: nyeupe ni usafi, nyekundu ni ushujaa, na kadhalika. Usiliweke kwenye bango lako. Vazi hili husomwa kwa kijiji na kwa rika, na pia husomwa pamoja na vitu vingine vilivyo mwilini, hasa mfuko wa begani uitwao alofo. Katika vijiji kadhaa, usiku ambao wanawake huruhusiwa kuingia kwenye duara, msichana husimama nyuma ya kijana aliyempenda na kumtilia popoo katika mfuko huo. Popoo ile ile, Mwalimu, ambayo bibi zetu wa pwani waliitafuna kwa tambuu na chokaa. Kijana hachagui, huchaguliwa, akiwa amevaa taji lake na amejipamba kadiri alivyoweza. Katika jamii ambamo mwanamke ndiye mwenye nyumba, haingekuwa vinginevyo.

Sasa swali gumu zaidi, la watoto na karatasi. Ushauri wangu ni kwamba msitengeneze taji la manyoya marefu la wanaume. Sisemi hivyo kwa kuogopa karatasi, bali kwa sababu taji lile hupatikana kwa miaka ya kuteka maji na kukimbia mkiani mwa duara, na mtoto atakayelivaa kwa asubuhi moja atajifunza kwamba ni pambo. Wewe usingependa kuona watoto wa Taiwan wamevikwa joho la bwana harusi wa Kingazidja kwa ajili ya mchezo. Zaidi ya hayo, Taiwan ina sheria ya mwaka 2007 inayolinda ubunifu wa jadi wa wenyeji wa asili, zikiwamo ngoma, nyimbo, nakshi na mavazi, na inawapa watu wenyewe, si mtu mmoja mmoja, haki juu ya vitu hivyo. Sheria hiyo haifiki Tanga, lakini inakuonyesha wenye mali wanalichukuliaje jambo lenyewe.

Kuna kitu bora zaidi mnachoweza kufanya, na hakihitaji gharama. Wapange watoto katika duara kwa umri, wakubwa mbele na wadogo mkiani, mmoja atoe wimbo wa kwetu na wengine waitikie, halafu wabadilishane nafasi ili kila mmoja aonje kukimbia mkiani. Ukutani bandika picha mbili za vijiji tofauti, kimoja cha Hualien na kimoja cha Taitung, uwaachie watoto wenyewe watafute tofauti za vichwani kabla hujawaeleza. Ukitaka kazi ya mikono, waache washone utepe wa shanga kwa rangi wanazozipenda, na kila mmoja aeleze nyumbani kwao nani hushona.

Limebaki jina. Neno 'amis katika lugha yao maana yake ni kaskazini, na inaelezwa kwamba lilienea kutokana na jirani zao Wapuyuma, ambao kwa kuwa waliishi kusini waliwaita wenzao watu wa kaskazini. Wengi wa Hualien hujiita Pangcah, neno lenye maana ya mtu au watu wa kwetu. Wengi wa Taitung wamelikubali jina la Amis na hulitumia bila kinyongo. Yote mawili ni sahihi, kila moja mahali pake. Kwenye bango, chini ya kila picha, tanguliza jina la kijiji, halafu uandike Pangcah kwa picha ya Hualien na Amis kwa ile ya Taitung. Kama picha haitaji kijiji, tafuta nyingine inayokitaja.